Kufundisha Vita vya Maji Maji bila darasa kucheka: vipindi vinne, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu wa historia, hasa nyie wa kidato cha pili na cha tatu kwenye shule za kata, darasa moja watoto 70 au 80, vitabu vitatu kwa mkondo mzima na projekta mnaisikia tu kwa watu, huu mwongozo ni wa kwenu. Nimeufanyia kazi miaka kadhaa kwa chaki na vifuniko vya soda tu na unafanya kazi.

Nianze na kilichonisukuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundisha Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1907, kama nilivyofundishwa mimi, sababu, mwenendo, matokeo, naandika ubaoni wao wanakopi. Nilipofika kwenye ile sentensi kwamba watu waliamini risasi za Mjerumani zitageuka maji, darasa zima likaangua kicheko, na kijana mmoja kule nyuma akauliza, mwalimu kwani hao watu walikuwa wajinga? Sikuwa na jibu, nikamwambia akae chini tuendelee na notsi. Lile swali halikunitoka. Wale watu ni mababu wa babu zetu, walikufa kwa maelfu, na mimi nimewaleta darasani ili wachekwe. Baadae ndo nikagundua watoto hawakuwa na kosa, kosa lilikuwa mpangilio wangu, nilileta maji kabla ya kuleta shida ambayo maji yalikuja kuitatua.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo wote huu ni moja: usianzie kwenye maji. Ukishaishika hiyo mengine ni ufundi tu.

KABLA HUJAINGIA DARASANI

Tenga vipindi vinne, na ukipata dabo ni vizuri zaidi. Najua utasema azimio la kazi halina nafasi, topiki ni nyingi na mwezi wa kumi na moja kuna mtihani. Kweli kabisa. Lakini fundisha kisa kimoja kwa kina afu vile vingine vya upinzani uvipitishe haraka kwenye jedwali moja, kwa sababu mtoto akishaelewa jinsi upinzani mmoja ulivyozaliwa na kufa anajua aulize nini kwenye ile mingine. Visa vyote kwa juu juu vinamwachia majina tu.

Chora ramani kwenye manila au nyuma ya kalenda ya zamani, kubwa, ionekane kutoka dawati la mwisho. Weka mto Rufiji, Kilwa, milima ya Umatumbi, Ngarambe, Nandete, Liwale, Mahenge na Songea. Basi, usijaze. Afu kusanya vifuniko vya soda au kokoto, 28 kwa kila grupu la watoto kumi. Watume wenyewe jana yake, monita atasimamia.

Na jisomee mwenyewe zaidi ya kitabu cha kiada. Mtoto anajua mara moja kama mwalimu anasoma kutoka kwenye daftari la mwaka juzi.

KIPINDI CHA KWANZA: SHAMBA

Usitaje vita. Usiandike hata kichwa cha habari. Waambie tu, leo ni mwaka 1904, nyie ni familia inayoishi vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mnalima mtama, mpunga na mahindi. Kila grupu lichore chini kwa chaki duara la miezi kumi na mbili, waonyeshe lini wanatayarisha shamba, lini wanapanda, lini wanapalilia, lini wanakesha kufukuza nguruwe pori na nyani, lini wanavuna. Hapa watoto wa vijijini wanang'aa, wale ambao kwenye historia huwa kimya kabisa utashangaa wanavyoongea, wape muda.

Duara likishakamilika wewe ingia kama serikali. Eleza kwamba kuanzia mwaka 1902, wakati wa gavana Götzen, serikali ya Kijerumani ilianza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja huko kusini, kila eneo la jumbe (mkuu wa kijiji) linakuwa na shamba lake na watu wanalazimishwa kufanya kazi humo, kiwango kwenye karatasi kikiwa siku 28 kwa mwaka. Sasa waambie wachukue vile vifuniko 28 waviweke kwenye duara, kila kifuniko ni siku moja imetoka kwao, na pamba inataka kupaliliwa wakati uleule mtama unapaliliwa, kwa hiyo hawaruhusiwi kuviweka kwenye miezi ya kupumzika. Acha wabishane. Watakuuliza, sasa nguruwe nani atafukuza? Usijibu. Andika swali lao ubaoni.

Ongeza kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Uliza rupia mtapata wapi? Watasema tutauza mazao, na mazao wameshaonyesha kwenye duara kwamba yamepungua. Wengine watasema tutaenda kufanya kibarua kwa mzungu, sawa, na shamba la nyumbani je? Wengine watasema malipo ya pamba, hapo waeleze kwamba wafanyakazi walipata kiasi kidogo mno mpaka sehemu nyingine walikataa kuipokea ile hela. Afu waeleze akida na jumbe ni nani (akida ndiye aliyewasimamia majumbe kwa niaba ya serikali), kwamba aliyesimamia hayo yote kijijini mara nyingi hakuwa Mjerumani, alikuwa mtu anayejua lugha yao, na viboko vilitumika.

Onyo moja hapa, nalisema kwa uzito. Usiwaigizishe watoto kupigana viboko. Mimi nilishawahi kumpa kijana fimbo aigize askari, dakika mbili mtoto mwenzie alikuwa amechapwa kweli, analia, na sikuweza kulirudisha darasa. Mateso yaeleze kwa maneno na kwa utulivu, inatosha sana.

Dakika kumi za mwisho uliza swali moja, kila mtu aandike jibu kwenye kikaratasi: wewe ungefanya nini? Wengi huandika ningekimbia, wengine ningevumilia, wengine ningegoma, wachache ningepigana. Vikusanye, visome usiku, kesho yake waambie kwamba majibu yao yote yalikuwepo kweli, watu walikimbia, walivumilia, waligoma, na kupigana ndo kulikuja mwisho.

KIPINDI CHA PILI: SASA LETA MAJI

Anza na ramani. Waonyeshe Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, na kwamba Wamatumbi hawakuwa hata na mfalme mmoja wa kuwaita wote. Afu waulize, mnataka kupigana na serikali yenye bunduki, watu wenu wametawanyika, hawana kiongozi mmoja, wengine waligombana zamani, hamna simu, na mkijulikana mapema mnanyongwa, mtahitaji nini ili muanze pamoja? Wape dakika tano kwenye grupu.

Majibu yao nimeyaandika miaka yote na hayabadiliki sana. Tunahitaji kiapo. Tunahitaji alama. Tunahitaji ujumbe wa siri. Tunahitaji kitu cha kuondoa woga. Tunahitaji mtu ambaye kila kabila litamsikiliza. Andika yote ubaoni, piga mstari chini yake, ndipo usimulie Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Kwamba mwaka 1904 watu walianza kusikia habari zake, kwamba alipagawa na roho, kwamba makundi kwa makundi walisafiri kwenda Ngarambe kuchukua dawa, maji yaliyochanganywa na vitu ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo kama mbarika na nafaka. Kwamba habari zilisambaa kwa kunong'onezana, kwa Kimatumbi waliita njwiywila. Kwamba walikuwepo wajumbe walioitwa hongo waliopeleka maji mbali zaidi, mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuiona Ngarambe.

Halafu warudishe kwenye orodha yao wenyewe. Kiapo kipo. Alama ipo. Siri ipo. Woga umeondoka. Kila kabila linasikiliza. Hapo ndo utaona, hakuna anayecheka. Darasa zima linakuwa kimya kwa sababu maji sasa ni jibu la swali walilojiuliza wenyewe.

Bado kuna mmoja atauliza, lakini mwalimu, risasi kweli? Usimkwepe. Mimi huwa nauliza, nani hapa aliomba dua au alisali kabla ya mtihani wa darasa la saba? Mikono yote juu. Je, ulikuwa hujasoma? Ulisoma na ukaomba. Na wao vilevile walikuwa na silaha, walikuwa na sababu, walikuwa na mipango, na walikuwa na imani. Mtu mwenye imani siyo mtu asiye na akili. Sema kwa heshima, usigeuze kuwa utani wa dini ya mtu.

Ndipo vita vianze. Mwezi wa saba 1905 kule Nandete wazee waling'oa miche michache tu ya pamba kwenye shamba la serikali. Simama hapo. Uliza kwa nini miche ya pamba, kwa nini wasianze kwa kumpiga mtu? Watoto waliocheza na vifuniko jana watakujibu vizuri kuliko kitabu.

Malizia na swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote ya topiki hii: Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza vina siku chache, sasa imekuwaje viliendelea mpaka 1907? Vitabu vingi vinamfanya mtoto aamini kwamba mtu mmoja alidanganya watu wakamfuata. Tarehe hiyo peke yake inavunja hiyo hadithi. Waache waondoke nalo nyumbani.

KIPINDI CHA TATU: MAHENGE, NJAA NA NAMBA

Hiki ndo kigumu zaidi, kwa moyo pia. Pokea majibu ya lile swali, halafu simulia Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya watu wanapanda kuelekea boma la Wajerumani na ndani ya boma kuna bunduki za rashasha. Simulia taratibu, usitie chumvi, usiigize milio.

Afu waeleze kwamba baada ya hapo watu hawakuacha, Wangoni nao waliingia baada ya Mahenge, na wapiganaji wakageukia kujificha na kuvizia badala ya kusimama uso kwa uso. Na Wajerumani nao wakageuka, wakachoma vijiji, maghala na mazao shambani, njaa ikafanywa silaha kwa makusudi, ofisa wao mmoja aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowanyenyekeza watu. Warudishe kwenye duara la miezi, mkichomewa ghala mwezi huu mtakula nini hadi mwezi wa mavuno? Usiseme kitu, wahesabu wenyewe.

Sasa namba. Andika ubaoni: 75,000. Upande wa pili andika: 250,000 hadi 300,000. Ya kwanza ni makadirio ya Wajerumani, ya pili ni ya mwanahistoria wa Kitanzania Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti hukohuko kusini. Uliza, mbona zimepishana hivi? Nani alikuwa anahesabu? Alihesabu waliopigwa risasi tu au na waliokufa kwa njaa mwaka uliofuata? Anayechoma kijiji anabaki kuhesabu? Mtoto wa miaka 15 akishaelewa kwamba namba ya kwenye kitabu ina mtu nyuma yake, hapo ameanza kusoma historia kweli. Ukikosa muda wa mambo mengine yote, hili usiliache.

Jiandae na swali la askari, lazima litakuja: mwalimu, mbona waliokuwa wanachoma vijiji wengine walikuwa weusi? Jibu kweli. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na maofisa wachache wa kizungu na askari wengi Waafrika, Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine, waliofuata mshahara, ngawira na cheo. Kipindi hicho hakuna aliyejiita Mtanzania, hiyo nchi haikuwepo. Na siyo kila mtu alijiunga, Wahehe kwa sehemu kubwa walikaa pembeni, walikuwa wametoka kwenye vita vyao, kiongozi wao Mkwawa alikufa mwaka 1898. Ukificha hili watoto watadhani ilikuwa weusi wote kwa pamoja dhidi ya weupe wote, na wakikutana na ukweli baadae hawatakuamini tena.

KIPINDI CHA NNE: WAO WENYEWE WAKATAFUTE

Waambie hivi, mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walienda kusini wakakaa na wazee waliokumbuka Maji Maji, wakaandika walichosikia, na mengi tunayoyajua leo kuhusu upande wa wananchi yametokana na kazi ile. Wanafunzi, siyo wazungu, siyo maprofesa. Macho yao yatawaka.

Wazee wa Maji Maji hawapo tena, kwa hiyo wape tukio ambalo bado lina mashahidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, ni nzuri sana, karibu kila kijiji kuna bibi anayekumbuka siku waliyohamishwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pia. Kila mtoto amtafute mzee mmoja, wiki moja inatosha, ukiwapa wakati wa likizo ni bora.

Masharti ya kwenda kwa mzee niliyowapa mimi: shikamoo kwanza na uombe ruhusa, useme ni kazi ya shule. Mkute akiwa amepumzika, siyo anapika. Usiulize "eti ni kweli kwamba", uliza "ulikuwa unaishi wapi siku ile, ulikuwa na umri gani, uliona nini". Mzee akinyamaza nyamaza na wewe. Akilia, acha kuuliza, kaa nae. Akisema hataki, mshukuru uondoke, na hapo hujafeli kazi.

Wakirudi, kila mmoja ajibu maswali matatu kwenye daftari: nani anasema, aliona mwenyewe au aliambiwa, na je kuna mwenzio aliyesikia tofauti? Wawili waliosikia tofauti wakae pamoja mbele ya darasa, wajadili kwa nini. Mwaka mmoja watoto wawili wa kijiji kimoja walileta habari zinazopingana kabisa, bibi mmoja alisema nyumba zilichomwa, babu wa mwingine akasema watu walihama kwa hiari, tukaja kugundua yule babu alikuwa mjumbe wa chama wakati huo. Sikuhitaji kufundisha upendeleo wa chanzo tena mwaka mzima.

LUGHA

Hapa walimu wengi tunajidanganya. Kama somo lako ni lile la Historia ya Tanzania na Maadili unalifundisha kwa Kiswahili, huna shida. Lakini kama ni historia ya Kiingereza, mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili hawezi kubishana kuhusu namba za waliokufa kwa lugha ambayo bado anatafuta maneno yake. Mimi nafanya hivi: mjadala kwa Kiswahili, maneno nane tu mapya ya Kiingereza kwa kipindi, yapo kona ya ubao na yanasomwa kwa sauti, na dakika kumi za mwisho ni kuandika kwa Kiingereza sentensi tatu mpaka tano za kile tulichoongea. Sentensi zitakuwa mbovu mwanzoni, lakini zina wazo ndani. Sentensi nzuri iliyokopiwa ubaoni haina kitu.

KUSAHIHISHA NA MTIHANI

Madaftari 80 yatakumaliza. Usisahihishe yote, chukua kumi kila kipindi kwa zamu na vile vikaratasi vya mwisho vya mstari mmoja visome vyote, ni dakika ishirini na unajua darasa limeelewa wapi.

Kuhusu NECTA, yaani baraza la mitihani, mtoto bado ataandika insha yake ya pointi sita, usimnyime hiyo. Chora jedwali la safu mbili, dai upande huu na ushahidi upande ule. Dai, kazi ya lazima ya pamba. Ushahidi, mashamba ya pamoja tangu 1902, na vita vilianza kwa kung'oa pamba Nandete. Dai, kulikuwa na umoja uliovuka makabila. Ushahidi, hongo walipeleka maji toka Ngarambe mpaka ng'ambo ya Umatumbi. Kila pointi isiyo na kitu upande wa pili ifutwe. Pointi sita zitapatikana na hakutakuwa na haja ya kukariri.

KAMA UKO MBALI NA KUSINI

Tumia cha kwenu kwa njia hiihii, shida kwanza, jibu baadae. Pangani na Tanga kuna Abushiri, aliyenyongwa Desemba 1889. Moshi kuna Mangi Meli, aliyenyongwa Machi 1900. Iringa kuna Mkwawa, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 lipo Kalenga, watoto wanaweza kuliona kwa nauli ndogo.

Walio Ruvuma wana bahati, Makumbusho ya Maji Maji yapo palepale Songea mjini, na watoto wanaoujua uwanja wa mpira wa Majimaji tangu wadogo wengi hawajawahi kuunganisha hilo jina na watu 67 walionyongwa hapo Songea tarehe 27 Februari 1906, na nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano mwenyewe, aliyenyongwa pia. Ukiwapeleka, wafanye kazi kidogo tu, kila mmoja achague jina moja au kitu kimoja aandike maswali matatu juu yake, usiwape karatasi ndefu ya kujaza wakaishia kukopi vibao ukutani.

Na hata kama hamuwezi kusafiri, dakika tano za mwisho za kipindi cha nne waambie kwamba tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha, na kwamba familia ya Mbano bado inalitafuta fuvu la babu yao wanaloamini lilipelekwa Ujerumani. Andika ubaoni: fuvu liko wapi, na nani ana wajibu wa kulitafuta? Usijibu, na ubao usiufute, kengele ikigonga waache waende nalo.